Ahadi Iliyochapishwa: Picha na Biashara ya Huduma katika Kivu

Huduma ni bidhaa isiyoshikika. Mnunuzi wa jembe huligonga, hulipima uzito mkononi na kulirudisha akiona lina kasoro, lakini anayelipia usiku mmoja wa hoteli, safari ya gari au ziara ya msituni hutoa fedha kwanza, kisha hungoja kuona kama alichoahidiwa kipo. Kwa sababu hiyo elimu ya masoko, yaani elimu ya namna ya kumfikia mteja na kumfanya aamini kile kinachouzwa, huitenga huduma na bidhaa nyingine. Mwaka 1977 G. Lynn Shostack wa Marekani alieleza katika jarida la Journal of Marketing kwamba kadiri kitu kinavyokosa umbo la kushikika, ndivyo muuzaji anavyolazimika kukizungushia ushahidi unaoonekana kwa macho. Picha ni ushahidi mkubwa kuliko wote wa namna hiyo, kwa kuwa humwonesha mteja mahali asipowahi kufika na kumwambia, bila maneno, kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa.

Kivu, katika mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ililijua jambo hilo miaka mingi kabla halijaandikwa jaridani. Huduma iliyoitangaza Kivu duniani ni utalii wa milima ya moto na gorila, wanyama ambao magazeti ya Kiswahili mara nyingi huwaita sokwe, na historia ya huduma hiyo tangu mwaka 1921 haitengani na historia ya kamera. Insha hii inafuatilia namna picha ilivyotumika kuijenga na, wakati mwingine, kuibomoa sifa ya waliotoa huduma hiyo, na inashikilia hoja moja: picha inayonadi huduma ni ahadi, na thamani ya ahadi hiyo katika Kivu imepimwa sikuzote kwa kile kilichoachwa nje ya fremu, hasa watu.

Eneo lenyewe lahitaji maelezo mafupi. Mkoa wa Kivu Kaskazini umegawanywa katika wilaya, ambazo katika utawala wa Kongo hutajwa kwa neno la Kifaransa lenye maana ya eneo. Rutshuru, upande wa mashariki, ndiyo yenye volkano na gorila wa milimani. Masisi, magharibi ya Goma, ni nchi ya vilima virefu vya malisho na mashamba. Walikale, iliyo kubwa kuliko zote mkoani, ni nchi ya msitu mnene unaoshuka kuelekea bonde la mto Kongo. Buleusa ni mji mdogo wa Walikale, katika kundi la Ikobo, sekta ya Wanianga, na neno kundi hapa lina maana ya muungano wa vijiji chini ya chifu mmoja. Watalii walishukia Goma na kupandia Rutshuru, ilhali watu wa Masisi na Walikale waliishi kando ya biashara hiyo, wakiwa majirani wa sura iliyouzwa bila wao kuulizwa.

Kamera kutoka pwani na kutoka magharibi

Upigaji picha ulitangazwa hadharani Paris mwaka 1839, na katika Afrika Mashariki ulipata makao ya kudumu Zanzibar katika nusu ya pili ya karne ya 19, pale wapiga picha wenye asili ya Goa, miongoni mwao A. C. Gomes na baadaye ndugu wa Coutinho, walipofungua studio mjini. Studio hizo zilikuwa zenyewe kampuni za huduma, na tangazo lao lilikuwa kazi yao: picha za waungwana, za masultani na za mitaa zilizochapwa kuwa kadi za posta na kuuzwa kwa abiria wa meli, hivi kwamba kila kadi iliyotumwa ng'ambo ilikuwa pia karatasi ya kuitangaza studio na kisiwa. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed al-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip na aliyefariki mwaka 1905, alipigwa picha mjini humo, na ni misafara ya watu kama yeye iliyokipeleka Kiswahili hadi Kasongo na Nyangwe ndani ya Kongo, kilikoendelea kukua mpaka kikawa lugha ya soko na kanisa katika Kivu. Desturi ya studio haikufa pwani, kwani Capital Art Studio, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza, iliifikisha hadi vizazi vya baadaye.

Kongo yenyewe ilipata wapiga picha wake kwa njia nyingine, kupitia Léopoldville, jiji linaloitwa sasa Kinshasa. Casimir Zagourski, Mpoland aliyefika huko mwaka 1924, alifungua studio na kusafiri sana barani, kisha akatoa mfululizo wa kadi za posta alioupa jina la Kifaransa lenye maana ya Afrika inayotoweka. Antoine Freitas, mmoja wa Waafrika wa mwanzo kuishi kwa kazi hiyo nchini, alipigwa picha mwaka 1939 kule Kasai akiwa kazini na kamera yake ya sanduku, umati wa wanakijiji ukiwa umemzunguka. Tofauti ya watu hawa wawili ni ya maana kwa historia nzima inayofuata. Zagourski aliwauzia wageni sura za Waafrika, na Freitas aliwauzia Waafrika sura zao wenyewe. Wa kwanza mteja wake alikuwa mbali na hakumjua mtu aliyepigwa picha, wa pili mteja wake alisimama mbele ya kamera na angeweza kulalamika.

Picha kama shitaka

Kabla picha haijaanza kuinadi Kongo ilikuwa imekwisha kuishitaki. Alice Seeley Harris, mmishenari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1898 pamoja na mumewe John, alipiga picha tarehe 14 Mei 1904 huko Baringa, ambako kampuni ya mpira iitwayo ABIR ilikuwa imepewa eneo la kulitawala na kulinyonya. Picha inamwonesha baba, Nsala, ameketi barazani akikitazama kiganja na mguu wa binti yake mdogo, vilivyokatwa na askari wa kampuni. Picha hiyo na nyingine za aina yake ziligeuzwa vioo na kuoneshwa katika mikutano ya hadhara Uingereza na Marekani kwa chombo kinachokuza picha ukutani kwa mwanga wa taa, wakati chama cha kudai mageuzi ya Kongo, kilichoanzishwa mwaka huohuo wa 1904 na E. D. Morel, kilipokuwa kikiendesha kampeni yake. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo, alikuwa ametumia fedha nyingi kuwalipa waandishi wamsifu, lakini sifa iliyonunuliwa kwa maneno haikustahimili kitu kilichoonekana kwa macho, na tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji iliichukua nchi kutoka mikononi mwake.

Somo la tukio hilo kwa biashara yoyote ya huduma ni zito. Kampuni iliyokuwa ikijitangaza kuwa inaleta ustaarabu ilikanushwa na uso wa mtu mmoja, kwa sababu picha ilimrudisha ndani ya fremu yule ambaye taarifa za hesabu zilimtoa.

Hifadhi iliyotanguliwa na filamu

Mwaka 1921 Carl Akeley, Mmarekani mtaalamu wa kukausha wanyama kwa ajili ya maonesho, alipanda mlima Mikeno wa Kivu kutafuta gorila kwa niaba ya jumba la makumbusho la New York. Alibeba kamera ya filamu aliyoibuni mwenyewe, iliyoweza kumfuata mnyama kwa wepesi katika vichaka, na kwa kamera hiyo akarekodi gorila wakiwa hai porini. Akeley alikwenda kuua na akaua, ila alirudi akiwa mtetezi wa wanyama walewale, akiisihi Ubelgiji iwatengee eneo salama. Mfalme Albert I, ambaye mwaka 1919 alikuwa amezitembelea hifadhi za taifa huko Marekani, aliikubali rai hiyo, na tarehe 21 Aprili 1925 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Albert, ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika, ambayo tangu mwaka 1969 inaitwa Virunga. Akeley alifariki kwenye miteremko hiyohiyo mwezi Novemba 1926.

Mpangilio wa matukio hayo unastahili kuzingatiwa, kwa maana picha ilitangulia, hifadhi ikafuata, na mtalii akaja mwisho. Miaka saba baada ya hifadhi kutangazwa, mwaka 1932, wenzi wa Kimarekani Martin na Osa Johnson walitoa filamu yao Congorilla, iliyojinadi kwa sauti zilizorekodiwa Afrika kwenyewe na iliyowapa watazamaji wa sinema za mijini gorila wa mashariki ya Kongo kabla wengi wao hawajajua Kivu iko wapi. Njia ya kumleta mtalii nayo ilifunguka: safari ya kwanza ya ndege kutoka Brussels hadi Léopoldville ilifanywa mwaka 1925 na Edmond Thieffry, ikamchukua siku 51, na kuanzia mwaka 1935 shirika la Sabena likawa na safari za kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Pili ofisi ya utalii ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi ilitoa kitabu kinene cha kumwongoza msafiri, na idara ya habari ya serikali ikawa na wapiga picha wake wenyewe, kama Henri Goldstein na Carlo Lamote, ambao kazi zao zilisambazwa magazetini. Kwa njia hiyo shirika la ndege, hoteli na hifadhi viliuza safari moja kwa sura moja: volkano, tambarare zenye tembo na viboko, na Mwafrika akiwa mchukuzi au mcheza ngoma.

Sura hiyo ilikuwa na pengo. Hifadhi ilipopanuliwa mwaka 1929 na 1935, wapo wakazi waliopoteza mashamba na mawindo. Masisi nako, kamati iliyoundwa mwaka 1928 kusimamia ardhi ya Kivu iliigawa nchi kwa walowezi, na kati ya mwaka 1937 na 1955 utawala uliendesha mpango wa kuwahamishia huko watu kutoka Rwanda, ili wapate ardhi na mashamba ya walowezi yapate vibarua, juu ya ardhi ambayo wenyeji Wahunde waliihesabu kuwa yao. Mgogoro wa ardhi uliozaliwa hapo bado unaitesa Masisi. Mtalii aliyevutiwa na picha ya vilima vya kijani hakuuona ndani yake, kwa sababu kilima kilichopigwa picha bila mkulima wake huonekana hakina mwenyewe.

Kahuzi-Biega na walioondolewa

Mwezi Januari 1970 jarida la National Geographic lilitoka na jalada lenye picha ya mtafiti wa gorila Dian Fossey akiwa na watoto wawili wa gorila, ndani yake mkiwa na picha za Bob Campbell. Fossey alikuwa ameanza utafiti wake upande wa Kongo, huko Kabara, mwezi Januari 1967, kabla ya vurugu za mwaka huo kumhamishia Rwanda. Mwaka huohuo wa 1970, tarehe 30 Novemba, ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ambayo sehemu yake kubwa imo Kivu Kusini na kipande chake kinaingia Walikale. Mwanzilishi wake, Adrien Deschryver, alikuwa Mbelgiji mpiga picha na mhifadhi, aliyewazoeza gorila kumwona mtu bila kukimbia wala kushambulia, kazi iliyohitaji miezi mingi ya subira. Mazoea hayo ndiyo mtaji wa huduma yenyewe, kwa kuwa gorila asiyezoea watu hatazamiki wala hapigiki picha, na mteja anayelipia saa moja ya kumtazama kwa kweli analipia miaka ya kazi ya watu asiowaona.

Watu hao, pamoja na wale walioujua msitu kabla ya hifadhi, hawakupewa nafasi katika picha. Wabatwa, jamii ya wawindaji na wakusanyaji walioishi katika nyanda za juu za Kahuzi, walifukuzwa katika miaka ya 1970 bila fidia ya haki, na shauri lao lilifika mbali hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua, katika uamuzi uliotolewa hadharani mwaka 2024, kwamba serikali ya Kongo ilikiuka haki zao. Kwa zaidi ya nusu karne huduma hiyo iliuzwa kwa picha ya msitu usio na watu, na picha hiyo haikuwa ya kweli kwa sababu watu walikuwapo na waliondolewa.

Mlinzi aingia katika fremu

Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipiga kambi kuzunguka Goma, miti ya hifadhi ikakatwa kuwa kuni, na Virunga ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Vita vilivyofuata viliufuta utalii, na picha zilizotoka Kivu zikawa za kambi, maiti na bunduki.

Mabadiliko yalianza na picha ya msiba. Mwezi Julai 2007 gorila kadhaa wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, akiwemo dume kiongozi Senkwekwe, na mpiga picha wa Afrika Kusini, Brent Stirton, aliwapiga wanakijiji na walinzi wakiubeba mwili mzito wa dume huyo juu ya machela ya miti kupita katikati ya majani marefu. Picha hiyo ilizunguka dunia na kupata tuzo ya World Press Photo. Nguvu yake ilitoka kwa watu: mabega mengi chini ya mzigo mmoja, jambo lililomwonesha mtazamaji wa mbali kwamba wanyama hao wana jirani na mlinzi. Mwaka 2014 filamu ya Virunga, iliyoongozwa na Orlando von Einsiedel, iliendeleza njia hiyo kwa kuwaweka mbele walinzi na walezi, na mmoja wao, Andre Bauma, mlezi wa gorila yatima huko Rumangabo, akafahamika kwa mamilioni. Wageni walirudi katika miaka hiyo, na hifadhi ilitoza hadi dola 400 za Marekani kwa ziara moja ya gorila.

Mwezi Aprili 2019 mlinzi Mathieu Shamavu alijipiga selfi huku gorila wawili yatima, Ndakasi na Ndeze, wamesimama wima nyuma yake kama watu walioitwa kupiga picha ya ukumbusho. Picha ilipendwa mno, na hapohapo hifadhi ikalazimika kueleza kwamba gorila hao walilelewa na binadamu, na kwamba mgeni haruhusiwi kumkaribia gorila wa porini, ambaye kanuni ya kimataifa ilimtaka mtalii akae naye umbali wa angalau mita 7. Maelezo hayo ni mfano bora wa uaminifu katika masoko ya huduma, kwa kuwa hifadhi ilikataa kuiacha picha iahidi kitu ambacho huduma haikukitoa. Ndakasi alifariki mwezi Septemba 2021 mikononi mwa Bauma, na picha ya mwisho ya wawili hao ilitangaza utu wa kazi ya hifadhi kuliko tangazo lolote lililolipiwa.

Hata hivyo picha haiwezi kuondoa hatari. Zaidi ya walinzi 200 wameuawa katika historia ya hifadhi hiyo. Mwezi Mei 2018 watalii wawili walitekwa, mlinzi mmoja wa kike akauawa, na milango ikafungwa hadi mwanzoni mwa mwaka 2019. Na kuanzia mwaka 2022 vita vya waasi wa M23 viliikatiza huduma ya gorila katika Rutshuru. Ahadi njema isiyo na amani nyuma yake hubaki karatasi.

Walikale na picha iliyofunga soko

Walikale iliionja nguvu hiyohiyo ya picha kwa upande wake mchungu. Mgodi wa Bisie, unaotoa kasiteriti, jiwe linaloyeyushwa kupata bati, ulijulikana duniani mwanzoni mwa karne hii kwa picha na taarifa za wachimbaji waliopanga mstari na viroba mabegani chini ya ulinzi wa watu wenye silaha. Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni kueleza asili ya madini yao, na mwezi Septemba mwaka huohuo serikali ya Kongo ikasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Wasafirishaji, wenye hoteli ndogo, wauza vyakula na marubani waliokuwa wakitua na ndege barabarani huko Kilambo walipoteza wateja pamoja na wachimbaji. Picha zilisema kweli kuhusu bunduki, lakini hazikumwonesha mtoa huduma wa kawaida, na soko lilipofunga mlango halikumtofautisha na mwenye bunduki.

Buleusa nayo, katika miaka ya 2015 na 2016, ilitajwa katika habari za dunia kwa ajili ya wakimbizi wa ndani na uhasama wa jamii, na kwa mtu wa mbali jina la mji likawa na maana hiyo peke yake. Mji wowote unaopigwa picha na wageni wakati wa msiba tu hubaki na uso wa msiba, hata baada ya wenyeji kurudi sokoni, shuleni na mashambani.

Ndiyo sababu kizazi cha sasa cha wapiga picha Wakongo kina umuhimu unaozidi sanaa. Kituo cha Yole!Africa mjini Goma kimewafunza vijana kutumia kamera tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2020, janga la korona lilipowafungia wageni njia, mradi wa Congo in Conversation ulioongozwa na Finbarr O'Reilly uliwakabidhi wapiga picha wa Kongo kazi ya kuieleza nchi yao. Kampuni ya usafiri, nyumba ya wageni, zahanati au shule ya ufundi ya Masisi na Walikale inayotaka kujitangaza leo haina tena haja ya kuazima macho ya mgeni, kwani yupo mpiga picha anayejua jina la kilima na la mwenye kilima.

Historia ya miaka mia moja inatoa hukumu iliyo wazi. Picha zilizoificha nguvu kazi na wenye ardhi ziliuza kwa muda, kisha zikaacha madai ambayo mahakama na vita bado vinayasikiliza. Zile zilizomwonesha mchukuzi, mlezi na mlinzi katika kazi yao ya kweli ndizo zilizorudisha imani. Mwenye huduma wa Kivu na aanze hapo: apige picha ya kile anachoweza kukitoa kesho asubuhi, aombe ridhaa ya kila mtu anayeonekana, amtaje kwa jina akikubali, na asichapishe ahadi ambayo jirani yake akiiona atasema kwamba si kweli.